Aina fupi ndiyo ya chupa

Mbegu chotara ni nzuri, ila anayesindika nyanya nyumbani achague aina fupi kama Assila F1. Huiva karibu kwa mkupuo mmoja, ukapata ndoo nzima ya kupika siku hiyohiyo. Anna F1 ni ndefu, unachuma kidogo kidogo kwa miezi. Hiyo mpelekee mwenye genge. Nyanya ya kusindika ipasue kwanza uione: nyama nene, majimaji kidogo, wekundu hadi katikati.

Jamani, mkijaza chupa, limau msiliache! Asidi ya nyanya huchezea karibu na pH 4.6, na pH ikipanda juu ya hapo sumu ya botulizimu inaweza kujijenga ndani ya chupa iliyofungwa, bila harufu wala dalili. Maji ya limau ya dukani, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, kimoja kwa nusu lita. Nasi wa Iringa tuongeze muda, maana huku juu maji huchemka kwa joto dogo zaidi: chupa ya nusu lita ya nyanya zilizopondwa na kupikwa, ambayo Dar es Salaam hukaa dakika 35 kwenye maji yanayochemka, huku ipewe 45.