Vichwa vya Dizeli Navyo ni Historia Yetu

Mtu akitaja Kericho na Bomet, wewe hufikiria nini? Bila shaka majani chai, mvua ya alasiri na wanariadha. Ni wachache watakaotaja reli. Ati reli ni mali ya watu wa Nairobi, Nakuru na Kisumu! La hasha! Londiani, Kipkelion na Fort Ternan ni stesheni za reli, na zote zimo katika Kaunti ya Kericho. Reli hiyo ilifika ziwani Desemba 1901, zaidi ya miaka 20 kabla ya makampuni makubwa kuanza mashamba ya chai huku. Kipkelion, ambayo enzi hizo iliitwa Lumbwa, ndiyo iliyokuwa stesheni ya kushukia mtu anayekwenda Kericho.

Nisemalo leo ni hili: vichwa vya dizeli na mabehewa ya abiria ya reli hii ya zamani yahifadhiwe, tena yahifadhiwe yakitembea, hapa hapa kwetu.

Reli yenyewe ni nyembamba. Upana wake ni mita 1 tu, ilhali ile mpya ya SGR ni milimita 1,435. Wembamba huo uliiwezesha kupinda kona kali za milimani. Kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, reli huteremka hadi Kisumu kwenye mita 1,130 hivi. Njiani yalijengwa madaraja marefu 27 ya chuma kilichotoka Marekani. Kazi hiyo si mchezo!

Sasa tazameni yaliyovipata vichwa vya mvuke. Katika miaka ya 1950 yaliletwa kutoka Manchester majitu 34 ya aina ya Garratt, kila kimoja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja kiliitwa Mount Londiani, mlima wetu huu. Kiko wapi leo? Vilivyosalia ni viwili tu, Mount Gelai na Mount Shengena, navyo vimewekwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Mount Londiani hakimo. Mlima tunao, lakini kichwa kilichobeba jina lake hatutakiona kamwe.

Nahofia kwamba dizeli nazo zitafuata njia hiyo hiyo. Watalii hupenda moshi na king'ora cha mvuke, lakini dizeli huonekana kama lori tu. Kumbe tangu 1960, vichwa vikubwa vya dizeli vilipoanza kazi, ndivyo vilivyowabeba wazazi wetu na magunia yao. Tena ni somo tosha la Fizikia! Injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme, nao umeme huendesha mota zilizo kwenye ekseli. Kichwa cha mvuke huhitaji saa kadhaa za kuwashwa pamoja na maji mengi njiani. Cha dizeli hakina makuu hayo, kwa hivyo kukitunza kikitembea ni rahisi zaidi.

Wengine wataniuliza, "Wewe, nani atapanda treni kuukuu?" Jibu liko India. Kule Nilgiri, kwenye vilima vya chai kama vyetu, kuna reli ya upana wa mita 1 kama yetu. Mwaka 2005 UNESCO iliitia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu ya chini huvutwa na mvuke, na sehemu ya juu, kati ya Coonoor na Ooty, huvutwa na dizeli. Wenyeji hupanda, wageni nao hupanda. Wao wana chai na milima. Sisi tumekosa nini?

Wapo pia watakaosema heri pesa zitengeneze barabara. Nami nazitaka barabara, kwani matope ya huku nayajua. Lakini reli hii tayari ipo. Ilikarabatiwa, vijana wa NYS wakishiriki, na Desemba 2021 gari la abiria likarudi Kisumu baada ya kutoonekana kwa miaka. Sisemi ijengwe mpya. Nasema kitengwe kichwa kimoja cha dizeli na mabehewa machache ya madaraja mbalimbali, yatembee Londiani hadi Fort Ternan siku za mapumziko. Wanafunzi washuke Fort Ternan wasome habari za Kenyapithecus, yule sokwe wa kale wa miaka kama milioni 14 ambaye mabaki yake yaligunduliwa hapo. Akina mama wa Kipkelion nao wauze mahindi na chai dirishani.

Adui mkubwa ni vyuma vikuukuu. Wizi wa vyuma vya reli na vya umeme ulizidi hata Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Lakini askari hawezi kulinda kila taruma. Mlinzi wa kweli ni mwananchi anayejua kwamba kitu ni chake.

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. SGR ni nzuri, nayo ina mahali pake. Lakini dizeli zetu zikishakatwa na kuuzwa kwa kilo, hakuna fundi atakayeziunganisha. Klabu yetu na iandikie kaunti na Shirika la Reli, na walimu wetu watuunge mkono. Tuseme mapema, kabla nyundo hazijaanza kulia.