Kabla Bawa Halijafunikwa



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa tunataka kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano wowote na parokia. Wapo watu duniani wanaojenga ndege za mtindo wa kale nyumbani kwao, kwa mikono yao wenyewe, pasipo kulipwa hata senti moja. Tulipolitaja jambo hili mezani, ndugu yetu mmoja padre alicheka, akasema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Huenda ni kweli. Hata hivyo sisi tuna maoni tofauti, na tungependa kuyaeleza.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kusaidia utume wakati wa kiangazi katika parokia moja ya mashambani huko Wisconsin, Marekani. Siku moja baada ya Misa, mzee mmoja, fundi mstaafu, alitualika chakula cha mchana. Kabla hatujaketi mezani alitupeleka gereji. Tulitarajia kuona gari, lakini tulikuta kiunzi cha ndege, cha mbao tupu, chepesi kama tenga la kuku, na ukutani limetundikwa bawa moja ambalo mbavu zake zote zilionekana.

Ndege aliyokuwa akiiga ilibuniwa na Bernard Pietenpol, fundi wa magari wa Cherry Grove, kijiji kidogo cha Minnesota, ambaye ufundi wake mwingi alijifunza mwenyewe. Ndege hiyo ya watu wawili iliruka mwaka 1929 kwa injini ya gari, Ford Model A. Mhariri wa jarida moja la wakati huo alikuwa ameshikilia kwamba injini ya gari haifai kwa ndege. Pietenpol hakubishana naye kwa barua. Alimpelekea ndege zenyewe azione zikiruka. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1932, na tangu hapo maseremala, wakulima na walimu wameifuata michoro hiyo gerejini na mazizini mwao, hata leo.

Sheria ya Marekani inawaruhusu watu hawa, lakini kwa masharti ambayo yalitushangaza. Sehemu kubwa ya kazi sharti ifanywe na wajenzi wenyewe, kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha tu. Mwenye fedha hawezi kumlipa fundi amjengee ndege nzima kisha akaiandikisha kwa kanuni hiyo. Ndege ikikamilika hukaguliwa; kisha hurushwa kwa majaribio, kwa kawaida saa 40 ikiwa injini si ile iliyothibitishwa kwa ndege, katika eneo lililopangwa na bila abiria wa kustarehe. Baada ya hayo yote, bado ndani yake sharti kuwe na tangazo, mahali ambapo abiria atalisoma, la kumwambia kwamba ndege hii imejengwa na mtu asiye wa kiwanda na haikutimiza kanuni za usalama za ndege za kawaida. Yaani sheria haimzuii mtu kujaribu, lakini inamkataza kudanganya.

Sasa tufike kwenye kiini cha maoni yetu, nacho ni gundi.

Ndege ya namna hii hushikamana kwa gundi zaidi kuliko kwa misumari. Zamani walitumia gundi iliyotokana na maziwa, ambayo unyevu uliweza kuiozesha. Siku hizi wengi hutumia gundi ya kisasa ya kuchanganywa. Kila achanganyapo gundi, mjenzi makini huunganisha pia vipande viwili vya mbao visivyo na kazi, akaviandika tarehe na kuviweka kando. Gundi ikikauka, huvivunja. Mti ukipasuka na kiungo kikabaki, gundi ni njema. Kiungo kikiachia na mti ukabaki mzima, kila kilichounganishwa siku ile hakifai, hata kikionekana kizuri namna gani.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu bawa likishakamilika huvikwa kitambaa, hunyooshwa kwa joto la pasi, kisha hupakwa rangi. Kuanzia hapo hakuna atakayeona kilichomo ndani. Bawa lenye kiungo kibovu na bawa lenye viungo vyema hung'aa sawasawa juani. Tofauti yake hujulikana angani, wakati ambapo ujuzi huo haumsaidii mtu tena.

Mzee yule alitusimulia kwamba upande mmoja wa bawa alikuwa ameshauvika kitambaa na kuupaka rangi, ndipo alipokuta kwenye kopo kipande cha majaribio alichosahau kukivunja. Akakivunja. Gundi ikaachia. Akatazama tarehe: ilikuwa siku ya baridi kali, na gundi ile haikazi vema katika baridi. Siku ileile alikuwa ameunganisha mbavu nne. Alikaa juu ya kiti chake kwa muda mrefu, kisha akachukua kisu na kuichana kazi ya miezi mitatu.

Tulimwuliza kama kuna mtu mwingine angeweza kujua. Akajibu kwamba mkaguzi asingejua, na jirani asingejua. Kisha akatuonyesha nafasi mbili ndani ya kiunzi. Katika ndege hiyo rubani huketi nyuma, na abiria huketi mbele. "Baba," akasema, "hapo mbele atakaa mjukuu wangu."

Ndugu zetu, hatujasahau maneno yale. Hapo ndipo tunapotofautiana na wanaosema kwamba burudani hii ni upuuzi mtupu. Mtu anayefanya kazi ya kulipwa huogopa kufukuzwa au kunyimwa malipo. Huyu hakuwa na bosi wala mshahara. Kilichomfanya achane kitambaa ni ukweli peke yake, pamoja na upendo kwa atakayeketi kiti cha mbele. Chuo kinachomfundisha mtu hivyo si cha kudharauliwa, hata kama kiko gerejini.

Kuiga kazi ya waliotangulia nako hufundisha unyenyekevu. Tarehe 17 Desemba 2003, miaka 100 kamili tangu ndugu Wright waruke kwa mara ya kwanza, nakala aminifu ya ndege yao ilisukumwa kwenye reli yake huko North Carolina mbele ya maelfu ya watu, Rais wa nchi akiwa amefika siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha na upepo ulikuwa dhaifu. Ndege haikuruka, iliishia kwenye dimbwi. Wapo waliocheka, lakini sisi tunawaheshimu waliotengeneza nakala ile. Wangeweza kuficha ndani yake injini yenye nguvu za leo na kupigiwa makofi. Walichagua kubaki waaminifu, na kwa kushindwa kwao ulimwengu ukaelewa jinsi kazi ya wale ndugu wawili ilivyokuwa ngumu.

Hata hivyo hatutaki kuisifu burudani hii pasipo kipimo. Mke wa mzee yule alituambia mezani, kwa tabasamu lakini bila kuficha, kwamba ndege ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kwamba miaka mitatu ya mwanzo alikula chakula cha jioni akiitazama sahani ya mumewe ikipoa. Hatimaye wakaafikiana: Alhamisi na Jumapili gereji haifunguliwi. Kwa maoni yetu kiungo kile nacho kilihitaji kujaribiwa. Mtu anayejenga kitu kwa uaminifu huku nyumba yake ikiachia hajajifunza bado alichofundishwa na gundi.

Kwa nini tunawaandikia haya ninyi, ambao labda hamtajenga ndege kamwe? Kwa sababu tunalo deni la kukiri. Wengi wenu mnakumbuka darasa la watoto tulilolibariki kwa shangwe, lenye plasta laini na rangi ya kupendeza. Mvua za pili zilipokuja, ukuta mmoja ulianguka usiku. Ndani tulikuta nondo chache na saruji isiyotosha. Tunamshukuru Mungu kwamba watoto walikuwa wamelala majumbani kwao. Mara nyingi tumesikia akilaumiwa fundi, na lawama anayo. Lakini aliyetia sahihi ya kupokea kazi ni sisi. Tulitazama rangi, tukatia sahihi.

Juma lijalo ujenzi wa darasa jipya unaanza. Tumeiomba kamati ya ujenzi, na sasa tunawaomba ninyi nyote, kwamba hakuna nguzo itakayomwagiwa zege wala ukuta utakaopigwa plasta kabla wazazi watatu, pamoja nasi, hawajafika kutazama kilichomo ndani. Kazi itachelewa. Baadhi yenu mtanung'unika, na pengine fundi ataona hatumwamini. Tutamweleza kwa heshima kwamba hata mzee mwadilifu wa Wisconsin hakujiamini mwenyewe, bali alivunja vipande vyake na kutazama.

Mwaka 1920 Papa Benedikto wa 15 alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani, kwa kuwa mapokeo husema nyumba yake ya Nazareti ilichukuliwa na malaika kupitia angani. Tunamwomba awaombee wanaorusha walichokijenga kwa mikono yao, awaombee pia watoto watakaoketi chini ya paa tutakalolijenga sisi. Wao ndio walio kwenye kiti cha mbele.

Jumapili njema.

Paroko wenu