Mzigo Hauko Njiani, Mwambieni

Katika semina moja iliyofanyika hapa Kacyiru, Kigali, mkufunzi wa mawasiliano ya kibiashara alitufundisha namna ya kumpa mtu habari mbaya. Anza kwa kumsifu, alisema, pitisha habari yenyewe katikati, kisha malizia kwa sifa nyingine ili aondoke akitabasamu. Na kama kuna uwezekano wa kuichelewesha kidogo, icheleweshe, "mpaka wakati muafaka." Ukumbi mzima ukainama kuandika. Mimi nilikasirika, na bado nina hasira.

Kuna mama anayeuza vitambaa Biryogo. Kontena lenye mzigo wake lilikwama bandarini Dar es Salaam kwa sababu hati moja ilikosewa. Wakala wake wa forodha alilijua hilo mapema. Kila mama alipopiga simu alijibiwa kwa upole: "Usijali mama, mzigo uko njiani." Njiani wapi? Haukuwa Morogoro wala Rusumo. Ulikuwa palepale bandarini, tozo za kuhifadhi zikipanda kila kukicha. Angeambiwa mapema, angerekebisha hati, angeazima vitambaa kwa jirani, angewarudishia wateja wa harusi fedha walizotanguliza. Aliambiwa ukweli harusi zimekwisha. Wakala yule hakumkaripia hata mara moja. Alikuwa na adabu zote zinazofundishwa kwenye semina, na kwa adabu hizo mama alipoteza msimu mzima.

Sasa nauliza: zile siku za kungoja zilikuwa za nani? Zilikuwa za mama. Anayeficha habari mbaya hatumii muda wake, anatumia muda wa mwenzake, bila ruhusa. Ndiyo maana sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 haimwambii mwajiri amsifu mfanyakazi anayeachishwa kazi. Inamwambia ampe notisi: angalau siku 15 kama hajatimiza mwaka kazini, siku 30 kama ametimiza mwaka au zaidi. Siku za kutafuta kazi nyingine, kuzungumza na mwenye nyumba, kupanga ada ya watoto. Waliotunga sheria walielewa kitu ambacho mkufunzi wetu hakielewi.

Aprili 2020, ndege zikiwa zimesimama kwa sababu ya korona, RwandAir ilitangaza kupunguza mishahara: asilimia 8 kwa wanaolipwa kidogo kabisa, hadi asilimia 65 kwa wanaolipwa zaidi. Ni habari chungu. Lakini tarakimu ilikuwepo, na mwenye tarakimu anaweza kukaa na mkewe usiku uleule wakapiga hesabu.

Linganisheni na Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa kutoka Kenya, ambayo ilipokuja Kigali mwaka 2008 tuliiona kama alama ya maendeleo. Ilipoanza kuyumba, wauzaji walioikopesha bidhaa walilishwa matumaini ya mwekezaji anayekuja, huku rafu zikibaki tupu kutoka Nairobi hadi Kampala. Januari 2018 mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30 za huko. Maneno matamu yaliwafanya watu waendelee kupeleka unga na sabuni mahali ambapo fedha hazikuwepo.

Nilipomweleza mkufunzi haya, mshiriki mmoja alimtetea: mtu akiambiwa ghafla anaweza kupandwa na presha. Hebu! Presha ya kuambiwa inamshika mara moja. Ya kungoja simu isiyolia inamshika kila asubuhi. Mwingine akaleta mila zetu, kwamba hata msiba haupashwi moja kwa moja. Msiba! Aliyefariki harudi kwa sababu umeambiwa mapema, na anayekupasha atakaa nawe mkekani mpaka arobaini. Kampuni iliyokunyima zabuni itakaa nawe wapi?

Na nisisahau benki. Moja ya hapa mjini hunitumia ujumbe wa "mpendwa mteja" kabla sijaamka, inaikumbuka hata siku yangu ya kuzaliwa, lakini nilipoomba mkopo ilinyamaza miezi. Kumbe walikuwa wamekataa tangu wiki ya kwanza.

Wanaoumia zaidi ni vijana. Wanatoka Kimironko na Kabuga kwa mabasi, wamelipia nakala za vyeti na kugongesha mihuri, wanahojiwa, wanasifiwa Kiingereza chao, wanaambiwa "tutakupigia." Ofisa anayesema hivyo anajua tayari kwamba hatapiga. Anajiona mstaarabu.

Mistari mitatu inatosha: hatukukuchukua, nafasi ilihitaji mwenye sifa za uhasibu, nawe huna, hatutarajii nafasi nyingine mwaka huu. Itumeni leo kabla hamjafunga ofisi, maana kesho asubuhi kijana huyo bado ana nauli ya kwenda kuomba kazi kwingine.