Ngozi ya Kuvaa Kama Shati

Katika michezo mingi ya intaneti kila mchezaji hujichagulia avata, yaani kikaragosi cha kumwakilisha, na rangi ya ngozi huvaliwa kama shati. Utadhani huko ubaguzi hauna pa kushika.

Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza jaribio walilolifanya katika mchezo wa There.com. Avata wao alimwomba mchezaji mwingine wazunguke pamoja mahali 50 wakipigana picha, kazi ya saa mbili. Akikataliwa, aliomba picha moja tu, ufuoni. Aliyekataa kubwa huona haya kukataa dogo. Sisi wa kukopa sukari kwa jirani twaijua sana mbinu hiyo. Kwa avata mweupe, mbinu iliongeza waliokubali kwa asilimia 20 hivi. Kwa mweusi, maneno yakiwa yale yale, asilimia 8!

Juzi nilimkuta mtoto wa kaka yangu, wa kidato cha pili, akicheza. Avata wake alikuwa mweupe pe. Nikamuuliza kulikoni.

"Shangazi," akasema bila kuinua macho, "nikiwa hivi huniita kikundini."