Maradhi ya Tumbo Yasifichwe

Mwezi huu tumependa kuzungumza juu ya jambo ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni maradhi ya tumbo yasiyokwisha.

Mzee mmoja wa hapa Tarime, ambaye alikuwa hakosi safu ya mbele, alitoweka msikitini. Tulimwendea tukidhani ana kinyongo. Baada ya kimya kirefu akatuambia kwamba kwa miezi mitano anaharisha damu, wala udhu haumkai muda wa sala moja. Hata mkewe hakujua. Alikuwa akinunua dawa ya amiba dukani, akipata nafuu siku mbili tatu, kisha maradhi yakirudi. Dawa za mizizi nazo alikunywa.

Tulimjibu kwanza lililo katika kazi yetu: mwenye udhuru kama huo hutawadha kila wakati wa fardhi unapoingia, akasali hivyo hivyo, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Haya ile hakutwishwa na dini, alijitwisha mwenyewe. Kisha tukamwambia aende hospitali.

Akatuuliza, "Kwa nauli ipi?" Hapo tukafahamu kuwa haya siyo kizuizi pekee. Hospitali zipo Tarime mjini na Mugumu, Serengeti. Lakini aliye kijijini hana budi kutafuta nauli na kuacha shamba na ng'ombe, na mwanamke mara nyingi hungoja mumewe akubali kuuza mbuzi. Utumbo ukihitaji kutazamwa ndani kwa kamera, safari yaweza kufika Bugando, Mwanza. Duka la dawa li karibu, ndiyo maana wengi huishia hapo.

Lakini dukani hapapimwi choo. Kuharisha kunakopita wiki 4 kwaweza kuwa ni amiba, au kichocho cha tumbo kipatikanacho kwa kuingia maji yenye konokono kama ya Ziwa Viktoria, au kifua kikuu cha utumbo, au saratani, au utumbo uliovimba na kufanya vidonda kwa miaka. Kila moja lina tiba yake. Hilo la mwisho aghalabu hutulizwa tu kwa dawa, na mwenye kuziacha kwa kuwa amepata nafuu hurudiwa.

Mzee wetu alikwenda na mwanawe. Choo kilipimwa, akaambiwa afike Mwanza. Jamaa wakamchangia nauli baada ya sala ya Ijumaa. Tunapoandika haya angali akingoja majibu.

Basi enyi wenye nyumba, ulizaneni. Choo chenye damu, kukonda na homa isiyoondoka si mambo ya kungojea mavuno. Baba amuulize mama, na watoto wawaulize wazee wao kwa adabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na aulizwaye mapema huenda akapona.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.