Mgongo wa Mvuvi Usisubiri Mpira

Rumonge, nchini Burundi, ni mji wa ndagala na mawese, na kazi zote mbili zinakula kiuno. Wavuvi huvuta nyavu ziwani usiku kucha. Mashambani, mikungu ya chikichi hukatwa, huinuliwa na kubebwa hadi kwenye mashine. Anayeumwa mgongo akishauriwa kufanya mazoezi, kisha akaona kwenye simu watu wakiyafanya juu ya mpira mkubwa uliojazwa hewa, atadhani tiba hiyo ni ya wenye nacho. Sivyo. Zoezi linaloitwa daraja linahitaji mkeka tu: unalala chali, unakunja magoti, unakanyaga chini na kuinua nyonga mpaka zilingane mstari mmoja na mabega na magoti. Matako, nyuma ya mapaja na misuli ya mgongo ndiyo hubeba kazi. Mwaka 2005 Gregory Lehman na wenzake, nchini Kanada, walipima kwa elektrodi misuli ya kiwiliwili katika madaraja ya namna hii. Kwa aliyelala chali, mpira haukuleta tofauti. Tofauti ilionekana kwa aliyefanya daraja kifudifudi: kwa kuwa mpira huyumba, misuli ya mbele ya tumbo na ya ubavuni ililazimika kukaza zaidi. Mpira una faida yake, basi, ila si kila mahali, tena misuli kukaza zaidi hakumaanishi maumivu kupungua.

Wapo watakaouliza, na wana haki: mtu aliyevuta wavu hadi alfajiri, mazoezi ya nini tena? Jibu ni kwamba kazini uzito na muda huamuliwa na samaki, naye mvuvi huinama vilevile hata akiwa hoi. Katika daraja anaamua mwenyewe, na anaacha akichoka. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliyataja mazoezi miongoni mwa tiba za maumivu sugu ya kiuno. Hayapunguzi uzito wa mkungu, na hakuna tajiri anayepaswa kuyafanya kisingizio cha kumtwisha mtu kupita kiasi. Wahudumu wa afya wangeweza kuyafundisha mwaloni siku za mbalamwezi, taa za wavuvi zinapokosa nguvu ya kuvuta ndagala na wavuvi wakapata nafasi. Wafundishe pia dalili zisizongoja zoezi lolote: mguu unaopoteza nguvu, ganzi sehemu za siri, au mkojo usiozuilika. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.