Ramani Haijui Breki: Kuuzunguka Mlima Kenya kwa Gari la Kulala

Mada ya leo ina tarakilishi kidogo na dizeli nyingi, kwa hivyo wale waliozoea kusoma hapa habari za hifadhidata wanivumilie.

Januari nataka kuuzunguka Mlima Kenya kwa siku kumi, nikitokea hapa Kiganjo, kwa gari la kulala. Gari lenyewe ni HiAce ya dizeli iliyowahi kuwa matatu. Safu moja ya viti imebaki. Kwingine fundi wa jua kali ameweka kitanda, kabati na tangi la lita 60 za maji. Abiria wangu mkuu ni mama. Mlima ameuona maisha yake yote akiwa shambani, lakini kwa upande huu wetu tu. Anataka kuona Wameru wanaonyeshwa nini.

Niliiuliza simu. Ikanijibu: Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Chuka, Embu, Kutus, Karatina, na kurudi, kilomita mia tatu na kitu. Ukitoka alfajiri, jioni uko nyumbani. Hapo ndipo ninapobishana nayo.

Programu za ramani zinatokana na mbinu ya kutafuta njia fupi ambayo Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959. Kila kipande cha barabara unakipa gharama, kisha kompyuta inatafuta njia yenye jumla ndogo. Mbinu ni safi kabisa, sina neno nayo. Swali ni nani aliyechagua gharama. Zile tunazotumia zinahesabu dakika. Lakini gari lililobeba maji, betri, mitungi na mama halina shida na dakika. Lina shida na miteremko.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa mara ya kwanza mahali pale kuua watu. Barabara inashuka kwenye korongo kutoka pande zote mbili, kwa hivyo ukienda au ukirudi lazima uteremke. Kwenye simu yangu Nithi ni mstari mnyoofu wa rangi ileile ya barabara ya Naro Moru.

Basi nikaamua kutengeneza gharama yangu mwenyewe. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia katika safari ya siku 11, na data hiyo, ya vipimo vya kila mita 30 hivi, unaichukua bure. Barabara nimezitoa OpenStreetMap. Programu ndogo ya Python, mistari isiyofika mia, inavilinganisha na kupaka nyekundu pale barabara inaposhuka sana kwa mfululizo. Tahadhari kwa atakayejaribu: rada ile husoma vilele vya miti msituni kana kwamba ni ardhi, na barabara iliyochongwa ubavuni mwa kilima hupata miteremko ya uongo. Chukua wastani wa mita mia kadhaa, usiamini nukta moja moja.

Matokeo hayamshangazi dereva yeyote wa matatu. Kiganjo hadi Nanyuki ni kijani karibu kote. Kutoka Meru kwenda Chuka ni kama mtoto kapewa kalamu nyekundu, kwa sababu kila mto unaotoka mlimani umejichimbia bonde lake na barabara inayakata yote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anza upande wa magharibi. Rafiki zangu wengi wanasema tuanzie Embu "tumalize sehemu mbaya tukiwa na nguvu." Sikubaliani nao. Nguvu ya dereva si tatizo. Tatizo ni gari ambalo halijawahi kubeba uzito huu. Nataka kasoro ijitokeze kama kilomita 50 kutoka nyumbani, mahali tambarare, mafundi wa Nanyuki wakiwa karibu. Tutalala Nanyuki siku mbili, breki zifunguliwe zikaguliwe, ndipo tuguse upande wa Meru.

Mafuta ya breki nabadilisha kabla ya kutoka, na hili nawaomba msilipuuze. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na ukikanyaga pedali inazama bila kushika. Ile tabia ya kuteremka kwa nyutro ili kuokoa dizeli ndiyo inayozipikia breki, maana umeinyang'anya injini kazi ya kulizuia gari. Gia ya pili, polepole, wanaopiga honi nyuma wapige. Na giza likiingia, gari liwe limeegeshwa.

Umeme sina maneno mengi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 kwa volti 12 ni wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Nusu ndiyo ya kutumia kama unataka idumu. Laptopu ya wati 50 kwa saa sita inakula 300, taa na simu kidogo. Friji nimeikataa. Nani anabeba friji katika safari inayopita soko la Karatina?

Chogoria ndipo moyo unapouma. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni karibu kilomita 30 za barabara ya msituni, na lango liko karibu mita 3,000 juu ya bahari. HiAce ya magurudumu mawili ya kuendesha haina biashara pale mvua ikinyesha, na upande ule hupata mvua kuliko wetu hata miezi ya kiangazi. Tena mama ana presha, na sitaki alale juu hivyo kabla ya kumwuliza daktari wake. Tutalala chini, mjini. Hali ikiruhusu tutakodi Land Cruiser ya wenyeji, tupande asubuhi na kushuka mchana. Malipo ya KWS nitayafanya kwa eCitizen nikiwa na mtandao, si langoni.

Kitu kimoja bado sijakipata: kipimajoto cha infraredi, kile unachoelekeza kwenye gurudumu kikakusomea joto. Mdau anayejua kinapouzwa Nyeri au Nanyuki kwa bei ya binadamu, aniambie kabla ya Krismasi.